Video ya saa tatu, diski ya GB 4.7: uichome kwa njia ipi?

Harusi ya dada yangu ilianzia kanisani Mwanza asubuhi, mchana msafara ukavuka daraja la Kigongo–Busisi, usiku tukawa ukumbini Sengerema kwa wakwe. Baada ya kuhariri, faili lilitoka na urefu wa saa 3 na dakika 10, uzito GB 22.8. Dada na shemeji wakaliweka kwenye kompyuta yao, wakaridhika. Aliyebaki ni bibi. Yuko Ukerewe, miguu haimruhusu tena kupanda meli, na sebuleni kwake kuna TV ya chogo na deki ya DVD ya siku nyingi. Nilipompigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia: “Mjukuu wangu, nataka kumwona alivyovaa. Na mama yako alivyolia.”

Basi kazi ikawa hiyo: kilicho kwenye GB 22.8 kifike kwa bibi kwenye diski zenye nafasi ya GB 4.7. Njia ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na nimezitumia karibu zote, nyingine kwa harusi hii, nyingine kwa video za ngoma za Bulabo, tamasha la Wasukuma, ninazorekodi Bujora, Kisesa, kila Juni nikipata nafasi. Ninazilinganisha hapa kwa sababu nimeona familia nyingi zikikabidhiwa diski mbovu za siku isiyojirudia, na jambo hilo linaniuma.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu GB

DVD ya kuchezwa kwenye deki haipokei faili lako kama lilivyo. Programu hulisimba upya kuwa MPEG-2, yaani namna ya kubana video ambayo deki za DVD huielewa: picha ya pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, yaani mfumo wa PAL uliotumika kwetu tangu enzi za TV za analojia. Kwa hiyo faili la GB 22.8 na faili la GB 60, yakiwa na urefu uleule, yatadai nafasi ileile. Kinachogawanywa ni nafasi ya diski kwa sekunde za video.

Diski ya kawaida, ya tabaka moja la data, ina baiti bilioni 4.7; baiti moja ni biti nane, kwa hiyo ni sawa na megabiti 37,600. Zigawe kwa sekunde za video yako. Video ya saa moja inapata megabiti 10.4 kwa kila sekunde, ambazo ni nyingi kuliko DVD inavyoruhusu, kwani kikomo cha picha ni 9.8. Video ya saa mbili inapata 5.2. Harusi yetu ina sekunde 11,400, kwa hiyo inapata 3.3, na ukishatoa sauti na menyu, picha inabakiwa na kama 3 hivi.

Usishtuke kompyuta ikikuambia diski tupu ina GB 4.37. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Diski ni ileile. Hata faili langu la GB 22.8 kompyuta ililiandika 21.2. Jambo la kuangalia ni kutolinganisha namba ya kasha la diski na namba ya kompyuta, ukajikuta faili limezidi diski kwa kiasi kidogo wakati umeshaketi kuchoma.

Kwa macho yangu, megabiti 6 kwa sekunde na zaidi ni picha safi ya DVD. Tano ni nzuri. Nne inavumilika kama watu wametulia. Ikishuka chini ya 3.5, ngoma ikianza tu, viraba vinajitokeza.

Kubana yote kwenye diski moja

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi mitaani: diski moja, kasha moja, mteja anaondoka. Kwa video ya saa moja na nusu hadi mbili sina ubishi nayo hata kidogo. Kwa saa tatu na zaidi, inaharibu.

Sababu iko kwenye namna MPEG-2 inavyobana. Haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata huandika zaidi kile kilichobadilika. Padri amesimama madhabahuni, ukuta nyuma yake haujasogea: gharama ni ndogo. Sasa chukua ile sehemu yetu ya darajani. Mpiga picha alikuwa dirishani kwenye Coaster, anapita juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza jua likiwa utosini, na kila wimbi linameta. Hapo hakuna pikseli inayofanana na iliyotangulia. Programu inahitaji megabiti nyingi mno, nawe umeipa tatu. Inachoweza kufanya ni kuchora maji kama sakafu ya vigae. Ziwa letu ni zuri kulitazama, lakini kwa kubana video sijakutana na kitu kigumu kulishinda, isipokuwa vumbi la wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, likipigwa na jua la jioni.

Baba yangu mdogo aliwahi kupeleka video ya saa nne ya familia kwa fundi mmoja mjini, akarudishiwa diski moja. Saa nne kwenye GB 4.7 ni megabiti 2.6 kwa sekunde. Nilipoifungua kwenye kompyuta nikakuta na sauti imeachwa bila kubanwa, ile ya PCM inayokula megabiti 1.5 kila sekunde. Picha ilibakiwa na moja na kidogo. Kila bibi harusi alipogeuza kichwa, uso wake uligeuka viraba. Faili la asili lilikuwa limeshafutwa kwenye kamera. Siku ile haipo tena popote.

Kama ni lazima uibane kwenye diski moja, yapo mambo matatu yanayookoa. Sauti iwe iliyobanwa, AC-3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa hotuba na muziki wa ukumbini. Usimbaji uwe wa mapito mawili: pito la kwanza programu inapima wapi ni pagumu, la pili inagawa megabiti kwa haki, padri anapewa kidogo, ziwa linapewa zaidi. La tatu wengi hawalijui: DVD inaruhusu pia picha ya pikseli 352 kwa 576. Ukiipunguza hivyo, megabiti 3 zinagawanywa kwa nusu tu ya pikseli. Picha inakuwa laini kidogo, haina ukali, lakini viraba vinapungua sana, na kwenye TV ya chogo ya inchi 21 wengi hawataona tofauti.

Kuigawa kwenye diski mbili

Hii ndiyo niliyomchagulia bibi. Ni diski zilezile za kawaida, DVD-R za tabaka moja, ambazo deki za zamani huzisoma bila shida kubwa. Tofauti ni kwamba kila nusu inapata nafasi yake.

Siri ya njia hii ni mahali pa kukata. Usikate katikati kwa saa, maana utakuta hotuba ya mshenga inaishia “na sasa ningependa kuwa…” Tafuta pale siku yenyewe ilipopumua. Sisi tulikata msafara ulipomaliza kuvuka daraja. Diski ya kwanza ina maandalizi, kanisa na safari, saa 1 na dakika 25. Ya pili ina ukumbi, saa 1 na dakika 45. Hesabu inatoa karibu 6.9 kwa picha ya diski ya kwanza na 5.5 kwa ya pili. Ziwa likapata haki yake, na lesi ya gauni ikaonekana uzi kwa uzi.

Kasoro ni moja, nayo ni ya kibinadamu: mtu lazima ainuke kubadilisha diski, na diski mbili hutengana. Moja inaazimwa na jirani, nyingine inabaki. Kwa bibi haikunisumbua. Anaangalia kidogo leo, kidogo kesho.

Diski ya matabaka mawili

DVD+R DL ina GB 8.5, upande mmoja, matabaka mawili yakiwa juu ya mwenziwe. Kwa saa 3 na dakika 10 picha inapata kama 5.5, kwenye diski moja, bila kukata. Kwa karatasi ndiyo mshindi.

Kwa deki ya bibi nilisita, na sababu zangu ni hizi. Diski hizi hurudisha mwanga hafifu kuliko za tabaka moja, na lenzi iliyochoka au yenye vumbi hushindwa kuzisoma. Pia mashine ikifika mwisho wa tabaka la kwanza lazima leza ihamie la pili. Deki nzuri inasita kufumba na kufumbua, deki mbovu inaganda hapo hapo na haiendelei. Programu kama ImgBurn inakuruhusu kuchagua pa kuhamia tabaka, na ukiweka pale picha inapogeuka nyeusi kati ya tukio na tukio, mtazamaji hahisi kitu. Inaruhusu pia, kwa kichomeo kinachokubali, diski ijitambulishe kwa mashine kama DVD ya kiwandani, na deki nyingi zenye ukaidi hulegea kwa hilo.

Ukijua deki ya anayepokea ni ya karibuni na umeshaijaribu, chukua hii. Ukiwa huijui, usimbahatishe mzee.

Diski ya data yenye faili la MP4

Hapa diski ni ileile ya GB 4.7, lakini hutengenezi DVD ya deki. Unaisimba video kwa H.264, namna ya kubana iliyo mpya kuliko MPEG-2, na kuichoma kama faili. H.264 inatoa ubora ule ule kwa takriban nusu ya biti za MPEG-2, na kwenye mizania hii hilo linageuza kila kitu. Megabiti 3 kwa sekunde zinazomwaibisha bibi harusi kwenye MPEG-2, zinakupa picha ya 1280 kwa 720 inayopendeza kwenye TV bapa. Pikseli zake ni zaidi ya mara mbili za DVD.

Nilitumia HandBrake, ambayo ni ya bure, nikaweka jumla ya megabiti 3 pamoja na sauti. Faili likatoka na GB 4.28. Linaingia kwenye diski, na linaingia pia kwenye flashi ya FAT32, ambayo haipokei faili moja lililozidi baiti bilioni 4.29. Hilo la FAT32 limewatoa watu jasho sana: flashi ina GB 32 tupu, faili la GB 6 linakataliwa, mtu anafikiri flashi ni feki. Flashi ni nzima. Mfumo wake wa kupanga mafaili ndio wenye kikomo. Ukiibadilisha kuwa exFAT au NTFS inapokea, ila sasa hakikisha TV ya mwenyewe inausoma mfumo huo.

Njia hii haimfai bibi. Deki za umri wa ile ya kwake zinajua MPEG-2, baadhi zinajua AVI ya DivX, lakini H.264 kwao ni lugha ya kigeni. Itaandika kwenye kioo kwamba diski haisomeki na atafikiri ameharibu kitu.

Blu-ray

BD-R ya tabaka moja ina GB 25. Faili langu la GB 22.8 liliingia bila kubanwa, bila kukatwa, lilivyotoka kwenye uhariri. Hakuna njia nyingine hapa inayoweza kusema hivyo. Lakini kichomeo cha DVD hakiwezi kuichoma, maana leza yake ni nyekundu ya nanomita 650 na Blu-ray inataka ile ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Mimi nilipata kichomeo cha nje cha USB kwa rafiki.

Siishauri kwa kutazamia, kwa sababu ni nyumba chache mno ninazozijua kwetu zenye mashine yake. Ninaishauri sana kwa kuhifadhi. DVD tunazochoma huandika juu ya rangi ya kikaboni, na rangi hiyo haipendi jua wala joto. BD-R nyingi huandika juu ya tabaka lisilo la kikaboni, linalostahimili zaidi. Ziepuke tu zenye alama ya LTH, hizo zina rangi kama za DVD. Kumbuka pia kwamba data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka upande wa chini, hivyo ingawa imepakwa ugumu wa kuzuia mikwaruzo, usiilaze juu ya meza yenye mchanga.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu kwa video yetu ya saa 3 na dakika 10:

| Njia | Nafasi | Picha inapata (megabiti kwa sekunde) | Inachezwa wapi |
|---|---|---|---|
| DVD moja | GB 4.7 | karibu 3, MPEG-2 | deki karibu zote |
| DVD mbili | GB 9.4 | 5.5 hadi 6.9, MPEG-2 | deki karibu zote |
| DVD+R DL | GB 8.5 | 5.5, MPEG-2 | deki nyingi, si zote |
| MP4 kwenye diski au flashi | GB 4.28 | karibu 3, H.264 | kompyuta, TV za kisasa |
| BD-R | GB 25 | 16, kama ilivyo | mashine ya Blu-ray, kompyuta |

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini nisilikate faili vipande kwa programu ya kubana kama 7-Zip na kuvigawa kwenye DVD za kawaida. Inawezekana, vingekuwa vitano. Lakini hakuna deki itakayovicheza, na kipande kimoja kikiharibika, vinne vilivyobaki havikupi video. Na CD ya MB 700 kwa kazi hii iache kabisa.

Wakati wa kuchoma

Umeme wetu unajulikana. DVD-R ikikatikiwa umeme katikati haifai tena, na haifutiki. Chomea kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, na kichomeo kikiwa cha USB kiunganishwe humo humo, kisitegemee adapta ya ukutani.

Sichomi kwa kasi ya juu kabisa. Kwa kasi ya 4, diski ya tabaka moja inachukua kama dakika 14, na kwa 8 dakika 7 au 8. Ninatumia 8 kwa diski nzuri, 4 kwa diski nisizozifahamu. Kisha ninaiacha programu ikague, isome diski yote na kuilinganisha na faili. Inaongeza dakika kadhaa, na imeshaniokoa zaidi ya mara moja.

Ukitaka kujaribu kwanza, DVD-RW inafutika na kuandikwa upya. Lakini tahadhari: deki za zamani mara nyingi hugomea RW huku zikisoma R vizuri, kwa hiyo RW ikikataliwa usikate tamaa.

Usibandike karatasi ya gundi juu ya diski. Inaipa uzito upande mmoja, na ikizunguka kwa kasi inatikisika. Kalamu laini isiyo na ncha kali inatosha. Na kwa nyumba za kandokando ya ziwa, zenye unyevu na madirisha yanayoingiza jua la jioni, kasha gumu kwenye kabati ni bora kuliko bahasha juu ya deki, maana deki yenyewe inapata moto.

Mgawanyo wetu ulikuwa huu. Faili la asili liko kwenye BD-R mbili, moja kwa dada na moja kwangu, na nakala kwenye diski ngumu. Baba mdogo pale Buzuruga ana TV bapa yenye tundu la USB, akapata flashi yenye MP4, na safari hii alimwona bibi harusi bila viraba. Bibi nilimchomea DVD mbili, kila moja nakala mbili, ili jirani akiazima asimwache mikono mitupu. Kwa programu ya DVDStyler niliweka sura, yaani alama ya kuanzia, kwenye kila tukio, kusudi akibonyeza kitufe cha kuruka mbele kwenye rimoti afike anakotaka, bila menyu ya kumchanganya. Binamu yetu alizipeleka Nansio kwa meli. Ndani ya kasha niliweka karatasi yenye herufi kubwa, kwa ajili ya macho yake:

YA KWANZA: KANISANI.
YA PILI: UKUMBINI.
MAMA ANALIA: YA KWANZA, RUKA MBELE MARA NNE.